Stesheni Niliyoijenga Mimi Ina Jina la Mume Wangu

Mpendwa mshauri Mama Nelly,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote shikamoo, maana sijui kama umenizidi umri, ila mtu anayebeba matatizo ya watu wengi hivyo mimi namhesabu mkubwa wangu. Ni mama wa miaka arobaini na tisa, nimefunga ndoa kanisani, nina watoto wanne na wa kwanza ni Wema, nashona nguo hapa Isaka, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukiona nazunguka nivumilie. Majina yetu naomba uyabadilishe.

Jambo langu ukilisikia usicheke. Mimi natengeneza treni. Siyo za kweli, ni treni ndogo za mezani, na reli zake na stesheni zake, natengeneza kwa makopo ya nyanya na vyuma vya miavuli iliyoharibika, na magurudumu ni vifungo vya makoti, kifungo kikubwa na kidogo nabandika pamoja, kile kikubwa kinakaa upande wa ndani kuishika reli ili treni isiponyoke. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli kwenye stesheni ndogo huko njia ya Tabora, kazi yake kuvuta chuma ili treni iingie njia hii au ile, na sisi watoto tulikulia pale, kwa hiyo treni ziko kichwani mwangu tangu utoto. Nilianza miaka saba iliyopita kwa kificho kidogo, maana mama mzima kukaa sakafuni anasukuma kopo, watu watasemaje, lakini ikifika jioni cherehani imenyamaza na rozari nimeshasali, mikono yenyewe inakwenda kwenye makopo.

Sasa hapa Isaka kuna kikundi cha wanaume, wengi ni wastaafu wa reli, nao wanatengeneza treni hizo hizo. Wanakutana kila Jumamosi kwenye stoo ya mzee Athanas, aliyekuwa dereva wa treni, wana meza ndefu ajabu wameijengea njia nzima na madaraja. Niliposikia habari zao nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, nikavaa vizuri nikaenda. Nikasimama mlangoni nikasalimia, wakaitikia vizuri tu, mzee Athanas akaniuliza nimemfuata nani. Nikasema nimekuja kuona treni. Mmoja wao, mzee Bujiku, ambaye ni fundi wa kuchomelea na ana maneno, akawaambia wenzake mama huyu mkatieni tiketi ya daraja la tatu, na akina mama wengine wakija watatufagilia mabehewa. Wakacheka, wala si kwa ubaya. Mzee Athanas akasema hawajawahi kumkataza mwanamke, ni kwamba hajawahi kuja. Mama Nelly, nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake. Nikacheka na mimi nikarudi nyumbani.

Mume wangu, Marselino, nilipomsimulia aliumia. Naomba umwelewe, ni mtu mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono. Aliendesha malori ya mizigo ya Rwanda miaka mingi mpaka macho yakaanza kumsumbua, akaacha, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa tu, ndevu hanyoi, ukimsemesha anaitikia mm. Akaniambia mama Wema nipe mimi ile stesheni yako niwapelekee, waione kwanza, halafu nitawaambia ni yako. Stesheni yenyewe nilikuwa nimeijenga miaka miwili, ni ile ya baba yangu, na nyumba zetu za manjano na tangi la maji na kila kitu, ubao wake aliuranda yeye Marselino. Akaifunga kwenye baiskeli na mashuka, pamoja na treni yake ya vifungo.

Aliporudi alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu. Anasema waliizunguka wote, halafu mzee Athanas akamshika mkono akamwambia hongera fundi, na yeye akajikuta amesema asante. Basi. Ni asante hiyo tu, mshauri. Akasema Jumamosi ijayo atawaeleza. Jumamosi iliyofuata wakamkalisha kiti cha karibu na meza, hakuweza. Na mimi nikamwambia haina shida, kwa sababu, nisikufiche, ile Jumamosi alikuwa amenyoa ndevu.

Sasa imepita miezi minane. Wanamwita Fundi Marselino hadi sokoni. Kwa vile wanamuuliza maswali ambayo majibu yake hayajui, tukaanza kukaa kila Ijumaa jioni, namfundisha maswali na majibu kama watoto wa komunio ya kwanza. Namuuliza, kwa nini paa la stesheni lina mwanya, anajibu, ni wa kupitishia moshi wa treni za zamani za kuni. Namuuliza, vifungo umevipata wapi, anajibu, kwa mke wangu. Hilo jibu la vifungo liliwafurahisha sana, mzee Bujiku akasema kumbe mama naye amechangia. Tulicheka nyumbani mpaka Marselino akashika mbavu. Baadaye nikiwa peke yangu kwenye cherehani nikajikuta nalia na sijui nalilia nini, maana si mimi niliyemfundisha kujibu hivyo?

Sasa shida yenyewe. Kwenye ile stesheni kuna njia ya pembeni, ya kuegeshea mabehewa, na mwisho wake unaoelekea njia kubwa nimeuziba kwa tuta la udongo. Ardhi ya pale ina mteremko, na nilipokuwa na miaka tisa behewa la pamba liliteleza lenyewe kutoka njia hiyo mchana kweupe, likaingia njia kubwa, likamkata mguu rafiki yake baba waliyekuwa wakifanya naye kazi. Baba na wenzake wakafunga njia ile mwisho kwa udongo na mataruma mabovu, yale magogo ya kulalia reli, na baba alikuwa analishindilia tuta lile kila baada ya mvua mpaka alipostaafu. Hata kwenye meza yangu nimeweka mteremko huo, na tuta nimelishindilia kwa kidole.

Mwezi uliopita mzee Athanas akamuuliza Marselino, fundi, mbona njia hii umeiziba kwa udongo? Swali hilo halikuwa kwenye maswali yetu. Marselino akajibu, "Hapo niliishiwa vyuma tu."

Basi kwa upendo wao mzee Bujiku akaleta chuma cha mwavuli wake mwenyewe, wakabomoa tuta, wakaiunga njia ile na njia kubwa. Marselino hakuniambia. Nimeiona kwa macho yangu Jumamosi iliyopita, maana wake za wanakikundi tulialikwa kupeleka chai. Wakaweka behewa kwenye njia ya pembeni, treni inakuja, behewa likateleza taratibu likaenda kuigonga, zote chini. Wakarudia, zote chini. Mzee Bujiku akasema tatizo ni hivi vifungo, vitoeni vyote tuweke magurudumu ya bati. Nilikuwa nimeshika birika. Marselino akaniangalia, mshauri, jinsi alivyoniangalia siwezi kuandika. Nikasema, "Chai inapoa."

Mwisho wa mwezi huu wanaonyesha meza yao kwenye ukumbi wa parokia, watoto wa shule watakuja, na kadi imeshaandikwa, Kazi ya Fundi Marselino. Vifungo wanavitoa Jumamosi hii. Mimi sijui. Nikisema namvua mume wangu nguo mbele ya watu, atarudi kukaa na ndevu zake. Nikinyamaza kazi ya mikono ya baba yangu imefutwa na watoto wataona treni zinaanguka. Nimefikiri niombe ufunguo kwa mke wa mzee Athanas niingie nirudishe udongo bila mtu kujua. Sijaenda hata kuungama kwa sababu sijui niungame uongo au niungame kiburi. Nikisali najisikia namwambia Mungu habari za vifungo, naona aibu. Je, ni dhambi kutaka mtu ajue kwamba kitu ni changu? Nisaidie, nimechanganyikiwa. Wabeja sana, asante.

Mama Wema, Isaka

*

Mama Wema mpendwa,

Marahaba, ingawa tunalingana. Sikucheka. Majina nimebadilisha, lakini mwenye treni ya vifungo huko kwenu ni mmoja, kwa hiyo jibu hili nakutumia leo kwenye simu, na gazetini halitoki mpaka maonyesho yapite. Mumeo hatakiwi kulisoma kabla hajalisikia kinywani mwako.

Nianze kwa kukugombeza, ndipo nikupe pole. Umeandika kurasa nne ukimtetea Marselino, na kweli anaonekana mtu mwema. Lakini asante ile ya kwanza ilikuwa yake, na miezi minane iliyofuata ni yenu wawili. Wewe ndiye uliyekuwa unamkalisha kila Ijumaa na kumsikiliza jibu lake. Umemfanya mwanafunzi wa uongo halafu unashangaa amefeli swali ambalo hukumfundisha. Ukienda kuungama, ungama hilo, na usipoteze muda wa padri kwa kiburi. Anayejenga stesheni ya baba yake miaka miwili na kutaka ijulikane ameijenga nani hana kiburi. Hata mkate dukani unaandikwa jina la aliyeuoka.

Tena unasema unaogopa atarudi kukaa na ndevu zake. Mama, unadhani ananyoa kwa sababu ya stesheni? Ananyoa kwa sababu Jumamosi kuna watu wanamsubiri. Hao wazee wanamhitaji mtu wa kukaa naye, na hilo halimo kwenye uongo wenu, ni lake halali. Na mtu anayeishi akiogopa swali lijalo hapumziki. Yale macho aliyokuangalia nayo ulipokuwa na birika, wewe umeyasoma kama anaomba unyamaze. Mimi sikuwepo, lakini ninavyokusoma alikuwa anaomba umtoe pale. Muulize.

Kuhusu wazee wa kikundi, sina neno zuri. Mtu amesimama mlangoni anasema amekuja kuona treni, wao wanasema mwanamke hajawahi kuja. Wakipenda nao wasome hapa. Ila wamezeeka kwenye reli, na watu wa reli behewa likiteleza hawawezi kujidanganya kwa muda mrefu.

Habari ya kuomba ufunguo na kuingia kwa siri ifute kabisa. Ukirudisha udongo kwa kificho, watasema Fundi Marselino amerekebisha, nawe utakuwa umejiibia mara ya pili.

Fanya hivi. Ijumaa hii usimfundishe jibu lolote. Mweleze kwamba umeliona tuta limebomolewa na umeumia, mweleze ni kwa nini lilikuwepo, maana nina shaka kama umewahi kumsimulia mguu wa yule rafiki wa baba yako. Kama angejua, asingesema ameishiwa vyuma. Halafu msikilize, na akinyamaza usimjazie maneno.

Jumamosi mnakwenda wote, kabla vifungo havijang'olewa. Yeye aseme kwanza, sentensi moja inatosha, kwamba stesheni hii ameijenga mke wangu na mimi nimeranda ubao. Asiposema, utasema wewe, kwa upole, bila kumtazama kwa hasira. Usitoe hotuba wala usiombe radhi ya nusu saa. Weka behewa njiani, liachie, waone linavyokwenda. Kisha weka udongo wako, liachie tena. Wakiuliza ni nani aliyewahi kufanya hivyo, taja jina kamili la marehemu baba yako na stesheni aliyofanyia kazi. Huenda mzee Athanas aliwahi kupita hapo akiwa dereva.

Bujiku atatania, mwache atanie, na ukipata la kumjibu mjibu. Kadi iandikwe upya, jina lako juu na la Marselino chini. Wakisema kadi haibadiliki, basi mfunge stesheni kwenye baiskeli na mashuka yenu, mrudi nyumbani, na maonyesho yao yaendelee na nafasi tupu hapo mezani. Usikubali kuiacha huko chini ya jina lisilo lake kwa sababu tu umeona aibu kuibeba mbele za watu.

Na huyo mume utakayerudi naye nyumbani, wanakikundi wamfukuze au wasimfukuze, ana macho mabovu na mikono mizima. Mpe ubao mwingine arande.

Mama Nelly