Macho Mekundu ya Bibi Harusi

Jumanne, 9 Julai
Pua ileile. Selemani ametoka alfajiri, mashine mgongoni, kupulizia mikorosho dawa ya salfa kabla umande haujakauka. Mimi nimebaki kitandani navuta makamasi. Chafya nazibana kwenye khanga. Bibi harusi wa miezi miwili kupiga chafya kama mbuzi katika nyumba ya mama mkwe, aibu. Macho mekundu, yanawasha. Ni salfa tu. Lupaso nzima inanuka salfa msimu huu. Nilipomwamkia Mama alinitazama usoni, akaitikia marahaba tu.

Alhamisi, 11 Julai
Vidonge vya manjano vya dukani vinakausha pua na kunilaza. Nimesinzia mbele ya darasa la nne, chaki mkononi. Watoto wamecheka. Nimewafokea.

Jumapili, 14 Julai
Wifi Rehema amekuja kutoka Masasi kumwona mama yake. Wakati namsindikiza akauliza bila kuzunguka: "Wifi, unamlilia nani?"
Nikasema silii, ni salfa.
"Sie tumezaliwa kwenye salfa. Mama anakusikia kila alfajiri, kaka akishatoka tu."
Kuta za nyumba hii hazifiki juu, kila sauti inapita. Nimekasirika. Nimetoka Singida kwa miguu yangu, nimefundisha hapa miaka mitatu ndipo nikaolewa. Sikuletwa kwa kamba.

Jumatano, 17 Julai
Selemani sasa anaoga na kubadili nguo uani kabla ya kuingia ndani. Haijasaidia. Jioni ameniuliza: mwaka jana nilipokuwa nakaa nyumba za walimu salfa ilikuwepo, mbona haikuniliza? Akaongeza: "Kama nyumba hii imekushinda, sema."
Mjomba wake ameitwa. Atakuja Jumapili ya tarehe 28. Huku kwao mjomba akiitwa, ndoa imeshafika pabaya. Nampenda huyu mwanamume. Naogopa.

Jumamosi, 20 Julai
Newala, semina ya walimu. Gesti maji ni ndoo moja, nimeoga kwa kopo. Dirisha linatazama mikorosho, harufu ya salfa inaingia mpaka kitandani. Lakini nimeamka pua wazi, macho makavu. Jana na leo.
Badala ya kufurahi nimeogopa zaidi. Labda wana haki. Labda kweli siitaki ile nyumba, na mwili umeamua kunisemea.

Jumapili, 21 Julai
Kabla ya kupanda gari kurudi nimepita kwa daktari. Salfa aliiuliza mara moja tu. Alitaka kujua nalalia nini.
Mto wa sufi. Wa siku nyingi. Mama mkwe aliichambua sufi mwenyewe, mbegu moja moja, akaushona, akauweka sandukuni kumsubiri mke wa Selemani. Alinipa siku ya harusi.
"Haya siyo mafua, ni aleji," alisema. Sufi kuukuu hujaa vumbi na vidudu visivyoonekana kwa macho, na pua yangu haivivumilii. Mto utoke chumbani. Godoro lianikwe juani. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Pua niisafishe kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo. Amenipa dawa ya kupuliza puani na vidonge visivyolaza. Na salfa nayo nikae nayo mbali, haimfai mtu yeyote.
Yote rahisi. Ila nani atamwambia Mama?

Jumanne, 23 Julai
Jana niliufunga mto kwenye mfuko wa nailoni, nikausukuma stoo nyuma ya magunia. Nimelalia nguo zilizokunjwa. Leo nafuu kubwa.
Nimerudi kutoka shule nimekuta Mama ameuona. Ameuweka barazani juu ya mkeka, na kando yake begi limefungwa. Kesho kutwa anahamia Masasi kwa Rehema. Nimeshindwa kula. Woga wangu ndio umefanya haya.

Jumatano, 24 Julai
Nimemwambia. Nilikaa naye mkekani nikatoa yote, daktari, vidudu, sufi. Nikangoja anitukane. Alikuwa anaufinyafinya ule mto.
"Kwa hiyo hulii?"
"Silii, Mama."
"Mie nilijua unalia kwa ajili yangu. Nikasema niwapishe, mkae kwa raha."
Hapo ndipo nikalia kweli.

Jumapili, 28 Julai
Mjomba amekula wali kwa kuku, akauliza kesi iko wapi. Mama akamwambia haipo. Selemani alikuwa anatazama chini, anatabasamu.
Pua haijapona yote. Daktari alisema nitaishi nayo hivyo hivyo, kwa kujitunza.
Mchana tumelitoa godoro juani, mimi na Mama, kila mtu na upande wake. Nilipochukua fimbo nilikung'ute akaninyang'anya. Akajifunga mtandio usoni, akaanza kulipiga mwenyewe, na mimi akaniambia nikasimame kule upepo unakotoka.