Redio Siizimi, Mama Kulwa

Mama Kulwa,

Ni mimi mumeo, na mkono huu ni wangu mwenyewe. Sikumwita mtu aniandikie. Katika darasa la ngumbaru la kijiji hiki, mwanamume wa kwanza kuandika jina lake ubaoni bila kufuta nilikuwa mimi. Unajua. Ulikuwa umekaa nyuma, ukanicheka kwa kuwa ulimi ulinitoka nje nikiandika.

Nakuandikia kwa sababu juzi nimeshitakiwa. Kaka yako Masanja alikaa na watoto wetu, Kulwa na Doto, wakaniweka mbele yao kama mwizi wa ng'ombe. Shitaka ni redio na kadi za salamu. Eti miaka yote hii nimepoteza muda kuandika majina ya watu nisiowajua, mtangazaji ayasome, nao wanitaje mimi, basi, imekwisha. Eti Kulwa aichukue redio, akae nayo kwake Shinyanga mjini, mimi nikazungumze na wazee wenzangu wenye sura. Kulwa akasema, "Baba, hao watu wako ni wa hewani tu."

Maneno yako hayo, kayaokota kwako. Siku ile nilikuwa nimeanika mawe ya redio, betri zile kuukuu, juani ili yapate nguvu kidogo, ukaja ukayasukuma pembeni na kumwaga michembe yako ya viazi pale pale. "Watu wa hewani!" ulisema. "Mwanamume mzima anapalilia majina, pamba inaliwa na magugu."

Sasa nisikilize, maana ulipokuwa hai ulikuwa mgumu wa kusikiliza.

Siku uliyoanguka shambani mimi nilikuwa posta, Shinyanga, na kadi zangu tatu. Masanja alilisema hilo, na ni kweli. Nilirudi jua linazama, najisifu njia nzima kwamba nimepata stempu, nikakuta majirani wamekulaza ndani. Hukunijua tena. Siku hiyo nitaibeba mwenyewe, Mama Kulwa. Siitwiki redio mzigo huo. Redio haikunituma, nilijituma. Lakini kwamba kazi yote ile ilikuwa bure? Hapana! Hapo nakataa mbele ya Masanja, na mbele yako nakataa.

Kwani wewe hujui kilichotokea baadaye. Tulipokuzika sikuwasha redio miezi mitatu. Msiba ni msiba. Wala kadi sikutuma. Kumbe wenzangu waliusikia ukimya wangu. Mimi hewani ndiye Chuma cha Mwakitolyo, na haikupita wiki chuma hicho kisitajwe. Wakaulizana kwa kadi: Chuma yuko wapi? Mwisho wakakata shauri kwamba nimekufa. Wakawa wanampa pole mjane wangu hewani, na mimi nipo hapa nachuma pamba, sina habari kwamba nimeshakuwa marehemu!

Basi mwezi uliopita akaja mtu na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Mchimba dhahabu kutoka Geita. Ndiye yule Mpiga Mwamba ambaye tumesalimiana miaka mingi bila kuonana. Amefunga kuku wawili nyuma. Akavua kofia. "Shikamoo mzee. Samahani, hapa ndipo kwa marehemu Chuma? Nimekuja kumpa pole mjane."

Nikamwambia, "Marahaba. Chuma ni mimi. Aliyekufa ni mjane."

Akanitazama. Akailaza baiskeli, akakaa chini mavumbini, akalia. Alikulilia wewe, Mama Kulwa, na hajakuona hata siku moja.

Kisha akaniuliza kaburi liko wapi. Lilikuwa limedidimia kwa mvua, na mimi... mimi nilikuwa siwezi kulisogelea. Nakwambia ukweli, nilikuwa nazunguka kwa njia ya kisimani. Mgeni akalijaza udongo, akabeba mawe kutoka kilimani siku mbili, akalizungushia vizuri kama anayejenga. Siku ya pili nikaona haya, nikabeba na mimi.

Nikamuuliza Masanja kikaoni: "Wewe wa tumbo moja naye, unakaa ng'ambo ya korongo tu. Umeleta jiwe gani?" Akakohoa. Doto akafunika mdomo kwa kanga.

Lakini Kulwa ni mbishi, amerithi kwangu. Akasema, "Baba, wote wale unaowasalimia, amekuja mmoja!"

Nikamjibu, "Mama yako alikuwa na mume mmoja, na alimtosha."

Kikao kikavunjika hapo. Redio haijatoka humu ndani.

Na jana imenena tena. Mtangazaji amesoma kadi ya Mpiga Mwamba: udongo wa shimo umemwangukia, mguu umevunjika, yuko kitandani Geita, anawasalimu wote walio wazima. Jina langu alilitia la kwanza, na baada ya jina langu akaandika: pole kwa upweke. Mtu aliyevunjika mguu ananipa pole mimi!

Kulwa amesema siendi, eti magoti yangu yamekwisha. Magoti ni ya nani? Kesho asubuhi napanda lori la pamba mpaka mjini, kisha nitatafuta jingine mpaka kwake. Sijui nyumba. Nitauliza. Nimefunga shuka, michembe ya mwisho uliyoikausha kwa mikono yako, na redio. Nitakaa kando ya kitanda chake mpaka asimame.

Lala salama, mke wangu. Nakuahidi hili: nikirudi kutoka Geita sitaingia nyumbani kwanza. Nitapita kwako, nikae juu ya mawe ya Mpiga Mwamba, nikueleze mguu wake unaendeleaje. Hutaki habari za watu wa hewani? Utazisikia zote.

Mumeo,
Chuma cha Mwakitolyo