Picha Mia na Nane za Kisogo cha Mama

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na tafadhali usinifiche kitu hata ukiona nastahili matusi. Mimi ni mpiga picha, si wa harusi wala vitambulisho, bali wa zile picha na video zinazotundikwa ukumbini watu wakazizunguka wakinong'ona, na kwa miaka tisa, kila mwisho wa mwezi, nilimpeleka mama yangu mzazi kwenye bwawa linalokauka, kamera naisimamisha palepale ukingo wa zamani, yeye namtuma asimame maji yalipoishia, anipe mgongo, asigeuke, maana nilitaka watu waone binadamu anavyokimbiwa na maji yake, na kila mwaka mama akawa anatembea mbali zaidi na kuonekana mdogo zaidi, na mimi, Mungu anisamehe, nafurahi kwamba kazi inaiva.

Alikuwa mtu wa utani. "Mwanangu, kisogo changu kitapata umaarufu, uso ubaki kuosha vyombo." Mara ya mwisho magoti yalikuwa yanamuuma, akafika kwenye tope akapaza sauti, "Leo niache nikutazame, hata mara moja tu." Nikamjibu, "Mama, usiniharibie, mwanga unaondoka." Akanipa mgongo. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Siku ya msiba dada yangu aliniomba picha ya mama ya kuweka mbele ya waombolezaji, nikafungua kompyuta, picha mia na nane, zote kisogo, na zile video nazo nilikuwa nakata mwisho wake, pale anapogeuka na kurudi akicheka, nikavifuta vipande hivyo ili nipate nafasi. Tulikuza ya kitambulisho, imefifia hata macho hayaonekani. Dada aliniambia neno moja tu, "Umempiga mama kama kisiki," na tangu hapo hanisemeshi. Maonyesho yanafunguliwa wiki ijayo. Sili, silali, nikizitazama picha namwona mama nikimfukuza. Nizichome?

Mwana Asiye na Uso wa Mama

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba. Sasa kaa nikuseme.

Miaka tisa ulikosa dakika moja ya kumwambia mama yako "geuka"? Ulilililia bwawa, mama ukamfanya kijiti cha kupimia maji! Majuto ni mjukuu, na wako amekuja na mizigo yake yote, haondoki karibuni. Sitakudanganya kwamba mama alikusamehe, simjui. Najua tu kwamba alirudi mwezi baada ya mwezi, na magoti yale. Hakuwa akiufuata mwanga.

Usichome kitu. Ile ya mwisho itundike peke yake ukutani, na chini yake uandike kwa mkono wako alichokuomba na ulichomjibu, bila kupamba. Mwite dada yako kabla milango haijafunguliwa, awe wa kwanza kusoma. Akikutukana, nyamaza. Akilia, usiguse kamera.

Lakini kabla ya hayo yote, msimulie dada yako jinsi mama alivyokuwa akicheka akirudi kutoka kwenye tope, meno, macho, mikunjo, kila kitu. Ni wewe peke yako uliyekuwa mbele yake. Picha hiyo imebaki kichwani mwako tu, na kichwa nacho husahau. Usingoje maonyesho, nenda kwa dada yako leo.