Karatasi ya Sindano Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nianze kwa kosa ambalo watu wengi hulifanya, la kudhani kwamba mwanamke akishafika miaka sitini na nane wivu humtoka kama meno ya utotoni, kwa sababu mimi nina umri huo, nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, nina wajukuu watano, na tangu mwezi uliopita chakula hakinishuki kwa ajili ya mwanamke mwenzangu mwenye miaka sabini na goti bovu.

Mume wangu alikuwa mwendeshaji wa mashine katika chumba cha kompyuta cha idara ya takwimu, enzi zile kompyuta moja ilipojaza chumba kizima, na kazini walimwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi. Printa yao ya kwanza ilikuwa na pipa la chuma lililochongwa herufi, pipa linazunguka kwa kasi na nyundo zinagonga karatasi pale herufi inayotakiwa inapopita, nami naomba univumilie kwa maelezo haya, nimeyasikia mezani mara nyingi mpaka naweza kuyafundisha. Pipa lilipovunjika na vipuri vikakosekana, watu wa karakana walijitengenezea printa ya namna nyingine kabisa, yenye kichwa kidogo cha sindano saba zinazochomoza na kurudi, zikigonga utepe wa wino, hivyo kila herufi inajengwa kwa nukta, kama mtoto anayejaza vidoti kwenye daftari la miraba. Sisemi ilikuwa ya kwanza duniani, maana nasikia huko nako wanagombana vilevile nani alianza, lakini kwetu ilikuwa ya kwanza, na sasa chuo cha ufundi kinataka kuiweka ukumbini pamoja na kibao chenye jina la aliyeibuni, na kamati inakaa mwisho wa mwezi huu kuamua ni jina gani.

Majina ni mawili. Moja ni la aliyekuwa mkuu wa karakana, sasa marehemu, ambaye wanawe wanasema baba yao alirudi na wazo hilo kutoka mafunzoni ng'ambo. La pili ni la fundi wa kike aliyekuwa chini yake, ambaye wenzake humwita Mama Sindano mpaka leo, na anayelipigania jina hilo, utadhani ni la mama yake mzazi, ni mume wangu.

Mara tatu kwa wiki, baada ya chakula cha mchana, anavaa shati lililopigwa pasi, anabeba daftari na simu ya kurekodia sauti, anakwenda kwa Mama Sindano kukusanya kumbukumbu, mume huyohuyo ambaye mimi nikimwomba anisindikize kupima macho anasema jua ni kali. Siku moja akamleta nyumbani. Alinikumbatia akaniita wifi, wifi ya nani sijui, kisha wakakaa wanacheka habari za utepe uliowapaka wino mpaka masikioni, nani alimwambia nini mwaka gani, nami natia chai tu kama mhudumu. Alipokuwa anaondoka akanishika mkono akasema, "Wifi, una bahati wewe. Huyu mtu anasikiliza."

Mshauri, nimekaa na mtu huyo miaka arobaini na mmoja, nilitaka kumwuliza anazungumza habari za nani. Mwaka niliponyimwa nafasi ya mwalimu mkuu, akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kupanga ratiba, nilirudi nyumbani nikalia, na mume wangu akaniambia, "Yatapita, mama. Hebu niwekee maji ya kuoga." Nikamwekea maji, na kweli yakapita. Hakuandika hata mstari mmoja kwa mtu yeyote. Kwa huyu ameandika barua kumi na moja, nimezihesabu.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natafuta cheti changu cha ualimu kwenye sanduku lake la bati, na ndani ya kitabu cha maelekezo ya mashine ikadondoka karatasi ndefu ya kukunjana, ile yenye vitobo pembeni, imegeuka rangi ya chai. Imechapwa KASUKU KASUKU KASUKU kutoka juu hadi chini, mistari arobaini. Mimi mkewe sijawahi kumwita hivyo hata mara moja. Chini yake kwa kalamu pameandikwa, "Sindano zote saba zimepiga. Nimejaribu mwenyewe," kisha sahihi ya Mama Sindano na tarehe, na tarehe hiyo ni miezi minne kabla ya mkuu wa karakana kurudi kutoka ng'ambo. Kutoa nimefundisha mpaka chaki zikaisha, kwa hiyo nilijua palepale karatasi ile ina maana gani kwa kamati. Lakini mwanamke gani anaandika jina la mume wa mtu mistari arobaini? Nikaikunja, nikaificha ndani ya kifuniko cha cherehani yangu.

Mume wangu anakumbuka kwamba karatasi hiyo iliwahi kuwepo. Ametoa kila droo, amepanda hadi darini na umri huo. Akaniuliza, "Mama, hujaona karatasi yenye vitobo? Ile ndiyo kesi yote." Nikajibu sijaona, naendelea kukata vitunguu. Na jana Mama Sindano alipiga simu, nami nikamsikia akimwambia, "Iache, Kasuku. Labda niliota tu." Mume wangu akakaa kimya, yeye ambaye hanyamazi, na mimi badala ya kuona huruma nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha nikashika kalamu. Je, niichome, niirudishe sandukuni kimyakimya, au nimwulize kwanza maana ya ile mistari arobaini? Maana nikiitoa, nitakuwa nimemtundika mwanamke yule ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, ili mume wangu awe anakwenda kumtazama.

Mwalimu wa hesabu, mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole. Nimeisema mara moja na inatosha, kwa sababu yanayofuata hayana pole ndani yake.

Umenieleza habari za printa vizuri mno, hata mimi ninayegombana na ya hapa ofisini kila wiki nimeelewa. Ila umeruka swali jepesi kuliko yote: karatasi hiyo ni ya nani? Si yako, na hata kama ilikuwa sandukuni kwa mumeo, kazi iliyomo ni ya yule aliyeitia sahihi. Umeshika kazi ya maisha ya mtu kwa sababu hukupenda neno aliloijaribia.

Tuanze na neno lenyewe. Nilimfuata fundi wetu wa mitambo ya kuchapa gazeti, mzee wa makamo yako, nikamweleza kisa bila kukutaja. Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema mstari mmoja hauthibitishi kitu, maana sindano hupiga vizuri mwanzoni kisha zikipata joto hukwama, kwa hiyo fundi wa kweli hujaza ukurasa mzima. Na neno? Wanachapa jina la yeyote aliyesimama karibu. Mwezi uliopita yeye alijaribu mashine kwa jina la mlinzi wa getini, kurasa tatu. "Na simpendi hata kidogo," akaniambia.

Lakini tuseme fundi wetu amekosea, tuseme miaka hiyo moyo wa Mama Sindano ulimwendea mumeo. Halafu? Sindano zilipiga au hazikupiga? Kamati haikai kuamua nani alimpenda nani. Yeye aliingia kwako kwa mlango wa mbele, akanywa chai yako, akakuita wifi mbele ya mumeo, yaani amejiweka mwenyewe mahali pa dada yake. Mwanamke mwenye nia mbaya hajiwekei kizuizi cha namna hiyo. Wewe ndiye uliyeficha kitu, si yeye.

Sasa lile linalouma. Nimesoma barua yako mara mbili, na wivu wako haukai kwenye mistari arobaini, unakaa kwenye barua kumi na moja. Mumeo anampigania mwingine jinsi ambavyo hakukupigania wewe, nawe unamwona akifanya hivyo kila siku kwa shati la pasi. Alikukosea mwaka ule, tena vibaya, na maji yake ya kuoga nisingeyaweka. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, naye anyamaze mpaka umalize. Lakini usimwambie siku moja na siku ya karatasi. Ukivileta pamoja ataona unamuuzia kimoja kwa kingine, na vyote viwili vitaharibika.

Na lifikirie hili kwa akili yako ya hesabu. Mwaka uliponyimwa nafasi, bila shaka palikuwa na mtu kwenye meza ya walioamua aliyejua kwamba wewe ndiye uliyestahili, akaona heri akae kimya. Umemchukia miaka yote hii bila kumjua jina. Leo wewe ndiye umekalia kiti chake. Mwanamke wa miaka sabini ameanza kuamini kwamba aliota kazi ya mikono yake, na aliyemfikisha hapo si marehemu wala wanawe.

Usiichome, kwa sababu utabaki peke yako na jambo ambalo huwezi kumwambia mtu mpaka ufe. Wala usiirudishe sandukuni ili mzee wa watu aikute kama kwa bahati, hizo ni hila za wanafunzi, na wewe umewakamata nazo miaka thelathini na miwili. Mumeo atakasirika. Mwache akasirike. Mtu aliyekaa nawe miaka arobaini na mmoja hatahama kwa sababu ya karatasi, na hasira yake itakuwa ya haki.

Leo itoe karatasi hiyo, mpe mumeo mkononi, na umwambie ni wewe uliyeificha.