Koti la Jaani

Mama Rukia,

Mwandiko wangu umeharibika, basi nisome polepole. Nimelazwa hospitali, huku huku ughaibuni, karibu na Harborne. Madaktari wameacha kunibadilishia dawa. Sasa wananiuliza tu kama nasikia maumivu.

Nyumba yetu ya Acocks Green haina tena harufu ya udi. Unakumbuka nikirudi kutoka kwenye majaa ya zamani, siku nzima tumefukia taka kwa udongo wa mfinyanzi na kuzamisha mabomba ya kutolea gesi ya taka zinazooza, nawe umesimama mlangoni na chetezo? "Vua koti huko huko, bwana jaa." Nilipohamia mtambo wa Tyseley, ule unaochoma taka tukapata umeme, nilidhani nimepanda cheo machoni pako. Nikakwambia chai yako imechemshwa kwa takataka za jirani. Ukasema, "Ndiyo maana haikolei."

Sasa nikiri. Miaka yote niliwaambia watoto: nikifa, nirudisheni Mombasa. Hata ulipozikwa hapa sikubadili kauli. Haikuwa mapenzi ya Mombasa peke yake. Niliuogopa udongo huu. Nimeufukua mno, najua unachoficha.

Kabla sijalazwa, Rukia alinipeleka kaburini kwako. Nikaona duara la nyasi za manjano. Kazini, nyasi zikinyauka hivyo, twajua gesi inapanda kutoka chini. Nikapiga magoti, mzee mzima, nikanusa ardhi. Rukia akacheka mpaka akalia. Kumbe aliweka hapo chungu cha mrehani, baridi ikauua, ndiyo kwanza amekiondoa. Nyasi zilikosa jua tu.

Lakini pua ilikuwa imeshafika chini. Haikukuta gesi. Ilikuta udongo mbichi, na mrehani kwa mbali. Sikutaka kuinuka.

Jana nimemwambia mwanao Rukia kwamba Mombasa siendi. Nilichelea asije akadhani ni dawa zinazosema. Wamjua, sisi twasema Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza. Safari hii alinishika mkono, akasema kwa Kiswahili, "Sawa, Baba. Tutakulaza kwa Mama."

Basi, mke wangu, buriani yangu ni fupi kwa kuwa njia yenyewe imekuwa fupi. Nakuahidi jambo moja. Sitaingia kwako na harufu ya jaa. Koti nitalivua huko huko, mlangoni.