Enzimu ya panya mu frigo ya samaki

Siku ya ine, mangaribi

Na hata baseme nini, frigo yangu njo inashinda zote za Butembo.

Asubuhi umeme ulikatika kule labo. Basi Kavira, mutoto wangu mwenye kutumika kule, akaleta bichupa byake mu frigo yangu ya kugandisha samaki, juu mi niko na groupe ya essence, mashini ya kutoa umeme. Ni enzimu ya panya. Panya mwenyewe hapana, mikrobi njo zinaitengeneza. Ikiyeyuka, kazi yake ya mwaka muzima imekufa.

«Papa, usiambie mutu. Batu banaogopa bintu bya labo.»

Mais mi kunyamaza? Mama Masika alikuja kununua samaki, nikamwambia ati mutoto wangu anajua kutoa kitu ya panya bila panya, na iko humu mu frigo.

«Mu samaki yetu? Ee Mungu!»

Akakimbia. Quartier nzima ikajua, hakuna mutu alinunua tena. Bibi yangu, mama ya Kavira, akasema nitoe ile bintu. Nikakataa.

Kavira alirudi, akakuta bichupa bigumu kama mawe, juu frigo haikufunguliwa siku nzima.

«Aksanti, Papa.»

Nikamwambia Kavira ati bakiliya ni mi nilibafukuza kwa akili, juu basifungue frigo.

Bibi yangu hakucheka. Leo tumekula samaki. Kesho samaki. Kiisha hapo, sijue nani atanunua zenye kubakia.