Sikukosa Chakula, Mama Zuhura

Wajir,
Jumapili, baada ya alasiri

Mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na watoto, na mama mkwe naye awe amepoa miguu. Mimi ni mzima sasa. Juzi nilipokupigia nikakwambia umwangalie sana Zuhura na kula yake, uliniuliza kwa nini, nami nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Niliona haya. Ndiyo maana nimeandika, na barua hii anakuja nayo mwenzangu wa kazini anayeenda likizo Ukunda.

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho, kaka yako Rama alinipiga tumboni mbele ya wakwe wa Zuhura akasema, "Baba wa bibi harusi ana mimba!" Nilicheka na wengine, lakini neno lile nilirudi nalo huku. Kisha nikamwona bwana mmoja kwenye simu akijionyesha alivyokuwa na alivyo: asubuhi maji ya ndimu, mchana yai, jioni tango, basi. Eti kabla mwezi haujaisha tumbo limekwenda. Nikaanza.

Mchele, unga na maharage vikakaa jikoni. Mwanzoni nilijiona shujaa, maana suruali zilianza kunivuka. Vidonge vya presha nikaendelea kuvimeza juu ya tumbo tupu, bila kumuuliza mtu. Miguu ikawa inakaza usiku, kichwa chepesi, nikawa mkali kazini kwa mambo ya bure. Nikasema ndiyo mafuta yanaondoka.

Siku moja tukapelekwa kutengeneza mashine ya kisima upande wa Kutulo. Wafugaji walikuwa wakingoja tangu alfajiri, ngamia na mbuzi wamejaa kwenye birika kavu. Nimeinama nafungua pampu, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nyuma ya pikapu, Hassan, dereva wetu, ananimwagia maji usoni, na maji yenyewe ndiyo waliyokuwa wameyakosa watu wale. Mashine iliachwa wazi. Mifugo haikunywa mpaka kesho yake, alipofika fundi mwingine.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana, alinipima presha, damu na moyo. Akauliza nakula nini. Nikamwambia.

"Baba, wewe una njaa," akasema. "Madini ya damu yameshuka, ndiyo maana moyo unarukaruka. Na hivi vidonge vya presha vimekukausha zaidi. Ungeendelea, moyo ungeweza kusimama."

Akanieleza kwamba kupungua ni kuzuri kwa mtu wa presha, ila polepole, kwa kula chakula cha maana na kutembea. Kula kidogo namna ile, alisema, hufanywa chini ya daktari, mtu akipimwa damu na dawa zake zikiangaliwa. Nikatundikiwa dripu. Hassan alikuwa mlangoni, na alichoondoka nacho ni neno moja tu: njaa.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Baada ya sala imamu akasema, "Fundi wetu huyu anatutengenezea maji. Kila anachopata anatuma kwao kwa harusi ya binti yake, na yeye analala na njaa mpaka ameanguka. Sisi majirani tulikuwa wapi?"

Nilitazama mkeka. Watu walinishika bega: "Bole sana, walaal," yaani pole, ndugu. Mama Zuhura, ningeweza kusema pale pale. Nikanyamaza, nikabaki baba mwema machoni pao.

Jioni mlango haukutulia. Huyu na mchele, huyu na tende, mwingine na kopo la nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa. Mwisho akaja jirani yangu Mzee Abdi. Ukame ulimmalizia ngamia akabaki na mmoja tu, na maziwa ya huyo ndiyo ya wajukuu zake. Alinyoosha chombo kimejaa.

"Kunywa, Fundi. Watoto iko na chai."

Hapo nilishindwa. Nikamshika mkono nikamwingiza jikoni, nikamwonyesha.

"Hii chakula yote ni yako?"

"Yangu."

"Na wewe nakataa kula?"

"Nilitaka kukonda, mzee."

"Kukonda." Hakucheka. Alikaa juu ya gunia la mchele. "Mke yangu alikonda ule mwaka ya ukame. Mimi niliogopa nitamzika."

Nilitaka kumrudishia maziwa, akakataa. "Kunywa. Halafu Ijumaa ambia watu."

Nikawaambia, nimesimama mbele ya imamu. Wako waliocheka, wako waliokunja nyuso, nao walikuwa na haki. Vile vyakula nilivibeba mwenyewe, kwa ruhusa yao, kwa familia zilizopoteza mifugo zikapiga kambi pembeni ya mji. Mzee Abdi sasa huniita kwake mchana tule sahani moja, lakini utani aliokuwa akinitania zamani bado hajaurudia.

Lililobaki ndilo zito zaidi. Mpango ule nilimtumia Zuhura. Hakuniomba. Nilimwandikia, "Tufanye pamoja, mwanangu, tupendeze siku yako." Nilipokuwa hospitali nilimpigia aache, akasema "Sawa, Baba," unaijua hiyo sawa yake. Na juzi amekiri kwamba alishikwa na kizunguzungu akichota maji. Nakuomba umpeleke kliniki apimwe damu. Kula naye, umwone akimeza. Mshonaji alipanue gauni la harusi, kitambaa kipo.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dua zake zimefika. Msalimie kaka yako Rama, wala usimgombeze. Utani ni utani, ujinga ulikuwa wangu. Wadogo zake Zuhura wabusu vichwa. Jirani yetu Bi Saumu naye mpe salamu.

Ukimaliza kusoma, msomee Zuhura barua hii. Yote. Ukifika pale msikitini, nilipoinamisha kichwa nikanyamaza, usiruke.

Mumeo anayekupenda na kukuonea haya,
Baba Zuhura